Shilingi ya Leo na Shilingi ya Kesho



Wapendwa waamini, ndugu zangu katika Bwana,

Tangu mwezi wa kumi mwaka jana mmezoea kuniona nikishuka kwenda Moshi mjini kila Ijumaa mchana na kurudi Jumamosi jioni, mkoba begani na kikokotoo mfukoni. Wapo walionong'ona kwamba Padre anaumwa na anahudhuria kliniki. Wapo waliosema amepata uhamisho na anahamisha vitu vyake kidogo kidogo. Ukweli ni mwepesi kuliko hayo. Baba Askofu ameniomba nisome misingi ya usimamizi wa fedha za makampuni, kwa kuwa jimbo letu lina shule, zahanati, mashamba na nyumba za kupangisha, na mambo hayo hayaendeshwi kwa nia njema peke yake. Ndiyo maana, katika umri wa miaka 46, nimeketi tena kwenye dawati la chuo kikuu, katikati ya vijana ambao siku nilipopewa daraja takatifu walikuwa bado chekechea.

Mzee mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo aliniuliza kwa upole, kama wanavyouliza wazee wetu: "Baba Paroko, padre na riba, wapi na wapi?" Swali lake ni zuri, nami nimeona nilijibu hapa ili wote mlisikie jibu kwa pamoja.

Somo letu la kwanza halikuwa na hesabu yoyote. Mhadhiri aliuliza tu: "Nikikupa uchague laki moja leo, au laki moja baada ya mwaka mmoja, utachukua ipi?" Darasa zima likajibu: ya leo. Akaendelea: "Na nikikuahidi laki na elfu kumi mwakani?" Mikono michache ikahamia mwakani. Akapandisha: laki na kumi na tano, laki na ishirini, laki na thelathini. Kila alipopandisha, wengine wakahama. Mwishoni akasema: "Pale mkono wako ulipohama, hapo ndipo ilipo bei yako ya muda." Kisha akaandika ubaoni sababu tatu zinazoifanya shilingi ya leo kuwa nzito kuliko ya kesho: ya leo inaweza kutumwa kazi ikazaa, bei za vitu hupanda, na kesho haina mdhamini.

Ndugu zangu, mwaka mzima wa masomo unasimama juu ya wazo hilo moja. Kama fedha yangu ingeweza kuzaa asilimia 15 kwa mwaka, basi laki moja nitakayopewa mwakani ina thamani ya shilingi 87,000 hivi leo, kwa maana 87,000 nikiziweka zikazaa asilimia hiyo zitafika laki moja mwakani. Hisa, hatifungani ya serikali, kiwanda, shamba, lori: kwa jicho la somo hili vyote ni fedha za miaka ijayo, zinazoitwa moja moja kutoka huko ziliko na kupimwa kwa mizani ya leo. Jumla yake, ukishatoa gharama ya kuanzia, huitwa thamani halisi ya sasa. Ikiwa juu ya sifuri, endelea na mradi. Ikiwa chini, acha.

Niliposikiliza hayo niliikumbuka seminari. Katika Teolojia ya Maadili tulifundishwa kwa nini Kanisa lilipambana na riba kwa karne nyingi. Hoja mojawapo ya wanazuoni wa zama za kati ilikuwa kwamba mkopeshaji anauza muda, na muda ni mali ya Mungu aliyewagawia watu wote. Lakini wanazuoni hao hao waliiona shida iliyobaki. Mtu akimkopesha jirani fedha aliyoiweka ya kununulia ng'ombe wa maziwa, mwaka ule hatakuwa na maziwa. Je, asifidiwe chochote? Faida hiyo iliyokatizwa waliiita kwa Kilatini lucrum cessans. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikubali kwamba mkopeshaji afidiwe hasara inayompata, lakini alikataa fidia ya faida ambayo bado hajaipata, kwa sababu mtu hauzi kitu asichokuwa nacho na ambacho huenda asikipate kamwe. Waliokuja baada yake walilegeza msimamo huo hatua kwa hatua. Basi mhadhiri alipoandika ubaoni "gharama ya fursa", akieleza kwamba gharama ya kutumia fedha mahali pamoja ni faida ambayo ingepatikana mahali pengine, nilitabasamu peke yangu. Nilikuwa nimekutana na rafiki wa zamani aliyebadili kanzu.

Wala historia ya Kanisa haikuishia kwenye kukataza tu. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia, Italia, Wafransisko walisaidia kuanzisha nyumba ya mikopo kwa maskini. Maskini aliweka rehani, akakopeshwa, na nyumba za namna hiyo zilitoza kiasi kidogo cha kulipia uendeshaji. Kukazuka ubishi mkali kama huko nako si riba, hadi Mtaguso wa Tano wa Laterano, chini ya Papa Leo wa Kumi, ulipoziidhinisha mwaka 1515. Katikati ya ubishi huo, mwaka 1494, mtawa Mfransisko Luca Pacioli alichapisha Venezia kitabu cha hisabati chenye sehemu iliyoeleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika hesabu kwa pande mbili, mtindo unaotumiwa na wahasibu hadi leo. Na mwaka 1745 Papa Benedikto wa Kumi na Nne, katika waraka wake Vix pervenit, alilaani faida inayodaiwa kwa sababu tu ya mkopo wenyewe, lakini akakubali kwamba zinaweza kuwepo sababu nyingine za haki za mkopeshaji kulipwa zaidi. Kwa hiyo, mzee wangu, padre na riba wamekaa meza moja siku nyingi, wakibishana.

Lakini tushuke kutoka Perugia hadi sokoni kwetu.

Mama mmoja wa parokia hii, mjane anayefanya biashara ya ndizi, alinijia na karatasi mbili. Ameniruhusu nisimulie pasipo kumtaja jina. Alihitaji mkopo wa shilingi milioni moja kwa miezi 10. Mkopeshaji wa kwanza alitoza asilimia 2 kwa mwezi. Wa pili alitoza asilimia 3 kwa mwezi. Mama alikwisha kuamua kwenda kwa wa kwanza, kama ambavyo ningeamua mimi kabla ya darasa hili, na kama ambavyo angeamua mtu yeyote anayejua kwamba mbili ni ndogo kuliko tatu. Alitaka tu baraka za safari.

Tukakaa tukasoma maandishi madogo. Yule wa asilimia 2 alihesabu riba juu ya milioni nzima kwa miezi yote 10, hata kama mama angekuwa amekwisha kurudisha sehemu kubwa ya deni. Riba ni 20,000 kila mwezi, na deni lenyewe 100,000. Jumla 120,000 kwa mwezi. Lakini mwezi wa 6 unapoanza mama anakuwa na nusu milioni tu mkononi, na mwezi wa 10 anakuwa na laki moja tu, huku riba ikibaki 20,000 ile ile. Ukipiga hesabu ya kweli, mkopo huo una riba ya karibu asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka, riba ikizaa riba, inafika karibu asilimia 50. Yule wa asilimia 3 alihesabu riba juu ya salio linalobaki kila mwezi, na marejesho yake yalikuwa shilingi 117,200 hivi kwa mwezi. Ile asilimia 3 ilikuwa nafuu kuliko asilimia 2.

Mama aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kumbe kuna asilimia na asilimia, Baba."

Naam, kuna asilimia na asilimia. Na tazameni: kila tarakimu kwenye karatasi ile ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni muda; hapakuwa na mstari hata mmoja uliomweleza mama kwamba atalipia fedha ambazo zilikwisha kutoka mikononi mwake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wadogo nchini wanapaswa kuwa na leseni na kusimamiwa. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo sheria haiwezi kukaa kando ya kila mama na kikokotoo. Ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu" haikuanza kwa watu wajinga. Ilianza kwa watu wenye haraka, wenye mtoto mgonjwa au ada ya shule iliyochelewa, ambao hawakupewa nafasi ya kuuliza swali moja: bei ya muda huu ni kiasi gani?

Kutoka hapo nitawaambia jambo linalotuhusu sote, maana liko mezani kwa Halmashauri ya Walei wiki hii.

Mnajua kwamba parokia yetu ina akiba ya shilingi milioni 40, iliyotokana na mavuno, minada na michango yenu ya miaka sita. Kamati ya Uchumi imeleta mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua basi dogo lililotumika, lifanye safari kati ya huku mlimani na mjini. La pili ni kung'oa mibuni yetu mizee katika shamba la parokia na kupanda miche mipya ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zile zilizotokana na utafiti wa Lyamungo, na kukarabati mfereji unaoleta maji shambani.

Nilipewa kazi ya kuyapima. Kwa makadirio ya Kamati, basi litatuachia shilingi milioni 14.5 kwa mwaka kwa miaka 4, kisha litakuwa chuma chakavu. Shamba halitatuachia kitu kwa miaka 3 ya kwanza, kisha litatupa milioni 9 kwa mwaka hadi mwaka wa 25. Nikachukua asilimia 15, kiwango kilicho karibu na riba inayotozwa na mabenki yetu, nikapiga hesabu. Basi lilipata milioni 1.4 juu ya sifuri. Shamba lilianguka chini ya sifuri kwa milioni 2.4. Kwa kanuni ya darasani, jibu limepatikana: nunua basi, iache kahawa.

Kisha nikabadili tarakimu moja tu. Badala ya asilimia 15 nikaweka 8. Basi likapata milioni 8. Shamba likapata karibu milioni 33. Na hata nilipogawanya faida hiyo kwa miaka, kwa kuwa basi linakufa mapema na shamba linadumu, kahawa ilibaki mbele: milioni 3.1 kwa mwaka dhidi ya 2.4. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, abiria ni wale wale. Kilichogeuza jibu ni kiwango peke yake.

Nawaomba mlisimamie jambo hili kidogo. Kwa asilimia 15, shilingi milioni 100 zitakazopatikana baada ya miaka 50 zina thamani ya shilingi 92,000 hivi leo. Ni bei ya viatu. Kwa asilimia 3, fedha hizo hizo zina thamani ya karibu milioni 23. Mtoto atakayekuwa mtu mzima baada ya miaka 50 hayumo chumbani tunapochagua kiwango, lakini kiwango kinasema yeye ana uzito gani kwetu.

Mwanauchumi wa Kimarekani Irving Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya riba, alifundisha kwamba riba inazaliwa na wazazi wawili: fursa ya kuzalisha, na kukosa subira kwa binadamu. Wahenga wetu walisema subira huvuta heri. Fisher alionyesha kwamba sokoni subira hulipwa, na pupa hulipa. (Yeye mwenyewe, siku chache kabla ya anguko la soko la hisa la mwaka 1929, alitangaza kwamba bei za hisa zimefika mahali pa juu pa kudumu, na anguko hilo likammalizia utajiri wake. Elimu ya fedha haimkingi mtu.) Na kijana mmoja wa Kiingereza, Frank Ramsey, aliyefariki mwaka 1930 akiwa na miaka 26 tu, alikwisha kuandika mwaka 1928 kwamba kuzipunguzia uzito furaha za watu wajao, kwa sababu tu zitakuja baadaye, ni jambo lisilo na utetezi wa kimaadili. Ramsey hakuwa muumini, ingawa ndugu yake Michael alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Nimelitafakari sana hilo: asiyesadiki alikikumbuka kizazi kijacho, nasi tunaosadiki twaweza kukisahau kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kikokotoo.

Darasani kwetu, binti mmoja aliuliza swali nililokuwa nalo moyoni: "Mwalimu, kiwango kinatoka wapi?" Mhadhiri alijibu vizuri sana: "Kinatoka kwa wenye mtaji. Ni malipo wanayoyatarajia kwa kukuachia fedha zao, wakizingatia hatari wanayoibeba." Jibu hilo ni la haki. Kama milioni 40 tungezikopa benki, kiwango cha benki ndicho chetu, na kujidai tuna kingine kungekuwa kujitia deni lisilolipika. Wala asilimia 8 haina utakatifu wowote. Bei ya kahawa huanguka, mvua hukosekana, wasimamizi huzembea. Anayepima shamba kwa kiwango cha chini pasipo kuzitazama hatari hizo anajidanganya, hata kama anajidanganya kwa lugha ya ibada.

Lakini fedha hizi hatukuzikopa. Wenye mtaji ni ninyi. Ni yule bibi aliyeleta mkungu wa ndizi siku ya mavuno, ukanadiwa kwa shilingi 15,000. Ni vijana waliolima shamba la mtu kwa siku tatu ili mchango wa jumuiya yao utimie. Nikiufuata mkondo wa darasa langu kwa uaminifu, sina budi kuwauliza ninyi: mnatarajia nini, na kwa ajili ya nani?

Nauliza kwa sababu jibu lenu silijui kwa hakika. Wako watakaosema: Padre, ada za watoto ni mwaka huu, dawa za zahanati ni mwaka huu, na njaa haisubiri mbuni uchanue. Hao wana hoja nzito, na pengine basi ndilo jibu lao. Maskini si mtu asiye na subira. Mara nyingi ni mtu ambaye subira imemwishia mikononi. Wako watakaosema: sisi wenyewe tunakula matunda ya waliopanda. Na hao nao wana hoja. Mifereji inayoshusha maji kwenye vihamba vyetu ilichimbwa na mababu kwa majembe ya mkono. Wazungu wa kwanza waliopanda mlima huu katika karne ya 19 waliikuta ikitiririka. Hakuna aliyeichimba kwa kutarajia kurudishiwa shilingi zake mwaka wa nne. Kama wangepima kwa asilimia 15, sisi tungechota maji mtoni hadi leo.

Basi, mzee wangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Padre anasoma riba ili mjane wa ndizi asilipie muda ambao hakupewa. Anasoma pia ili sote tujue kwamba nyuma ya kila kiwango yupo mtu aliyekichagua, na kwamba tuna haki ya kumwuliza ni nani na amewahesabu akina nani. Mtu akikuletea mkopo, muulize riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya salio. Akikuletea mradi unaoahidi fedha maradufu katika miezi michache, kama ule upatu ambao Serikali iliufunga mwaka 2009 baada ya Watanzania wengi kupanda "mbegu" zao humo, muulize ni biashara gani duniani inayozaa hivyo. Na tunapopanga mali ya wote, tuulizane ni nani asiyekuwepo kikaoni.

Kikao cha Halmashauri ya Walei, pamoja na viongozi wa Jumuiya zote, kitafanyika Dominika ijayo mara baada ya Misa ya pili. Hesabu zote mbili, ya asilimia 15 na ya asilimia 8, zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na nafasi iliyo wazi katikati yake. Njooni na kiwango chenu, mje na sababu zake, na ikiwezekana mje na vijana wenu. Wao ndio watakaokuwa wakichuma, au wasichume, mwaka wa 25.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani.

Ni mimi Padre wenu,
Paroko